Neno Walilolificha Watu wa Lwanzi

Walimshusha mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu huku manyunyu yakianguka. Tumpe Mwaisaka, aliyekuwa akipita uani na kikombe chake cha chai, akajua kabla Daktari hajatoka kwamba huyu naye amechelewa. Miaka yake pale Kliniki ya Pumzi ilikuwa imemzoesha sauti ile: pumzi inayoingia kwa tabu kama inayopenyezwa kwenye tundu la sindano, kisha inatoka na mluzi. Midomo ya mgonjwa ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mkewe alimshika bega, akilibonyeza na kuliachia, kana kwamba angeweza kumvutia hewa kwa mkono.

Tumpe hakuwa muuguzi. Kazi yake ilikuwa kuandika kurasa za kliniki mtandaoni. Alizisuka kwa namna ambayo mtu anayeumwa kifua, kuanzia Mbeya mjini hadi kule machimboni Lwanzi, akiuliza, jibu la kwanza kumfikia litoke kwa watu wanaojua wanachokisema. Kwa muda mrefu aliifanya kazi hiyo vizuri, na wagonjwa walikuja kwa miguu yao. Sasa walikuja wakibebwa.

"Pole, mama," alimwambia yule mke, wauguzi walipokwisha kumwingiza mgonjwa ndani. "Mmetoka Lwanzi?"

"Ndiyo."

"Mlipoanza kutafuta msaada, mlimuuliza Mtafuti kwa maneno gani?"

Mwanamke alijifunga kitenge upya ingawa hakikuwa kimelegea. "Tuliuliza tu kama watu wanavyouliza."

"Mlisema kikohozi? Mlisema kifua?"

"Hatukusema hivyo."

"Mlisemaje?"

"Dada, mimi nimemleta mume wangu," mwanamke alijibu kwa upole. "Tuliambiwa tumfukize majani ya mkaratusi. Tumefukiza tangu wakati wa mavuno. Tumeona hapati nafuu, ndiyo tumekuja."

Yule mume hakuiona jioni.

* * *

Siku hizo watu walikuwa wameacha kuandika wanapotafuta jambo. Kila mtu alivaa kipuli sikioni, kidogo kama punje ya hindi, akanong'ona swali lake, na Mtafuti akamsomea jibu palepale. Mtafuti hakuwa mtu. Ulikuwa mtambo uliomeza maandishi yote ya mtandao, lakini watu walimtaja kama mtu kwa kuwa alijibu kama mtu. Namna yake ya kuchagua jibu ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuishi nayo: aliuokota ukurasa ambao maneno yake yalifanana zaidi na maneno ya muulizaji. Ukiandika "ugonjwa wa mapafu utokanao na chembechembe za metali", watakusikia madaktari. Ukiandika "kifua kinabana nikipanda kilima", atakusikia mwenye kifua.

Kwa hiyo Tumpe aliishi kwa maneno ya watu. Kila asubuhi alifungua jedwali lililoonyesha wageni wa tovuti walikuja kwa swali gani, akasoma. *Makohozi meusi baada ya zamu. Mume wangu halali analala amekaa. Dawa ya vumbi kifuani kabla halijaganda.* Hakujua ni akina nani. Alijua tu kwamba ni watu, na kwamba wanaogopa, naye akaandika kurasa kwa maneno yao wenyewe. Dawa ya kuyeyusha vumbi la Lwanzi ilikuwepo na ilifanya kazi kwa aliyewahi. Aliyechelewa haikumfaa kitu, kwa maana vumbi lile likishaganda kwenye mapafu, limeganda.

Tatizo ni kwamba jedwali la namna hiyo halikusomwa na Tumpe peke yake. Wenye mgodi nao waliyanunua maneno ya watu, wakajua ni safu zipi za nyumba za mgodi zinazouliza habari za vumbi, na wachimbaji wa safu hizo wakaanza kusimamishwa kazi mmoja mmoja, kabla ugonjwa haujakua kiasi cha kudai fidia. Watu walipogundua waliandamana kutoka Lwanzi hadi mjini. Tumpe alikuwemo, bega kwa bega na mdogo wake Lusajo, mchimbaji wa mgodi huohuo, wote wawili sauti zimewakauka. Ndipo ikatungwa Sheria ya Pazia. Tangu hapo, kila neno ambalo mtu alimnong'oneza Mtafuti lilifunikwa, na hakuna mwenye tovuti, mwenye duka wala mwenye mgodi aliyeruhusiwa kuliona.

Siku Pazia liliposhushwa, jedwali la Tumpe lilibaki na neno moja likijirudia kutoka juu hadi chini. *Limefunikwa. Limefunikwa. Limefunikwa.* Aliliona akafurahi, hata akampigia Lusajo simu wakacheka pamoja. Hakujua bado amepoteza nini.

Alikuja kujua polepole. Kwanza idadi ya wanaozisoma kurasa za kifua ilishuka kidogo, kisha ikashuka sana, ilhali mgodi ulikuwa haujapunguza hata zamu moja. Vumbi lilikuwa palepale. Watu walikuwa wanaumwa na walikuwa wanauliza, ila walikuwa wameacha kuuliza kwa maneno aliyoyajua. Walikuwa wameshaumwa na nyoka, na hawakuwa na imani na pazia la serikali. Walibuni maneno yao.

Tumpe alijaribu kila njia ya halali. Alichunguza watu wanaingilia ukurasa gani na wanakaa muda gani kabla ya kuondoka. Aliwaomba wa mapokezi wamuulize kila mgonjwa ameifahamu kliniki vipi, na wagonjwa wa Lwanzi wakajibu "nimesikia tu." Aliangalia kisanduku kidogo cha kutafutia kilichokuwa ndani ya tovuti ya kliniki yenyewe, ambacho Pazia halikukifunika, akakuta neno "mgeni" likijirudia. Akadhani ni ndugu za wagonjwa wanaotaka kujua saa za kuwaona waliolazwa. Akaandika ukurasa mzuri wa saa za kuona wagonjwa, akauweka mbele kabisa.

* * *

Faudhia alikuja kutoka Dodoma wiki ileile aliyofariki yule mwanamume. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye ushungi wa kijivu na namna ya kusikiliza iliyomfanya mtu azidi kuongea. Kampuni yake iliitwa Mwangwi.

"Pazia linalifunika neno likishamfikia Mtafuti," alieleza, amekaa kati ya Tumpe na Daktari Ambonisye ofisini. "Lakini mtu akinong'ona, koo lake linatikisika. Kipuli kinaupima mtikisiko huo ili kijue mwenyewe anaongea au amenyamaza. Mtikisiko si neno, na sheria haikuutaja. Sisi tunaununua kwa watengenezaji wa vipuli, tunaurudisha kuwa neno."

"Yaani mnasikiliza makoo ya watu," Daktari alisema.

"Tunasikiliza mwangwi, Daktari. Majina hatuyachukui. Tunachukua eneo na maneno tu, kama zamani."

"Zamani ndiyo iliyoleta maandamano."

"Zamani wagonjwa wenu walikuwa wanapona," Faudhia alijibu bila ukali.

Alipoondoka, Daktari Ambonisye alibaki amesimama dirishani. Alikuwa mzee mwenye mikono mikubwa, aliyeianzisha kliniki ile akiwa na vitanda vya kuazima. Kwa kawaida hakusita kusema analolifikiri.

"Mtu akinong'ona, anajisemea moyoni," alisema. "Sheria inaweza kuwa na tundu, lakini wewe na mimi tunajua tundu hilo linapenya hadi wapi."

"Na yule aliyefariki? Mkewe alisimama hapo uani, nikamwuliza waziwazi, akakataa kuniambia. Wanakufa na neno mdomoni, Daktari."

"Alikuwa na haki ya kukataa."

"Mumewe alikuwa na haki ya kupona."

"Mimi humwona mgonjwa aliyefika," Daktari alisema. "Wewe ndiye unayemwona ambaye hajafika. Siwezi kukuamulia jambo nisiloliona. Ukisema tuingie mkataba nao, nitatia sahihi. Ukisema tusiingie, nitalala vizuri zaidi, ila sijui kama nitakuwa nimefanya jema."

Tumpe alitoka akatembea hadi geti la nyuma na kurudi, akatembea tena. Alifikiria ule mkono ukibonyeza bega. Alifikiria pia maandamano, na jinsi Lusajo alivyopiga kelele siku ile kwamba pumzi ya mtu ni yake. Mawazo hayo mawili yalikaa ndani yake kama wake wenza, hakuna lililompisha mwenzake. Kilichomsukuma mwisho hakikuwa hoja. Gari jingine liliingia getini kutoka Lwanzi, na kabla halijasimama alishausikia ule mluzi.

Alirudi ndani akamwambia Daktari atie sahihi.

* * *

Maneno yalirudi siku ya Jumanne. Jedwali lilipofunguka Tumpe alijihisi kama mtu aliyeingia chumba cha watu walio katikati ya mazungumzo.

*Mgeni amekuja, nimfanyeje aondoke. Mgeni anakaa muda gani. Mgeni wa mume wangu ameanza kutoa damu. Majani gani yanamfukuza mgeni.*

Alisoma ukurasa mzima kabla hajaelewa. Mgeni ndiye vumbi. Mgeni ndiye ugonjwa. Watu wa Lwanzi walikuwa wamebisha hodi kwake miezi yote ile, ndani ya kisanduku chake mwenyewe, naye akawajibu kwa saa za kuona wagonjwa.

Aliendelea kusoma huku akifuta macho kwa kiganja. Karibu na mwisho, kutoka safu za juu za nyumba za mgodi, palikuwa na swali moja refu kuliko mengine.

*Mgeni akianza kupiga filimbi ya babu, amebakiza muda gani, na nitamwambiaje dada.*

Filimbi ya babu. Babu yao mzaa mama aliumwa pumu, na walipokuwa wadogo kule Rungwe walilala chumba kimoja naye. Lusajo ndiye aliyeipa jina sauti ile, akiwa hajaanza hata shule. Hakuna nyumba nyingine duniani iliyosema filimbi ya babu.

Mwangwi haukuchukua majina. Haukuhitaji.

Jumapili yake alikwenda Lwanzi na mkungu wa ndizi za kupika. Wifi yake Sekela alimpokea mlangoni, wakasalimiana kwa furaha, ndizi zikamenywa, maharage yakaungwa. Lusajo alikuwa amekonda, lakini alichangamka, akamtania dada yake kwamba mjini kumemnenepesha. Alipocheka aliinamia pembeni na kujifuta mdomo kwa leso, kisha akaikunja haraka.

"Uko salama?" Tumpe alimwuliza mdogo wake, Sekela alipotoka kuchota maji.

"Nipo. Kazi tu."

"Pale kliniki siku hizi tunawapima ndugu wa wafanyakazi. Ungekuja."

"Nikiwa na nafasi."

"Hata wiki hii, Lusajo."

Alimtazama dada yake, na kwa kitambo kidogo uso wake ukawa kama mlango uliofunguliwa kiasi. Tumpe alilihisi neno likimpanda kooni. Angelitamka: *nimesikia, mdogo wangu, usihangaike namna ya kuniambia.* Lakini kulitamka ni kumwambia amemsikilizia kooni, yeye, aliyetembea naye siku ile ya maandamano. Aliona haya. Akajiambia kwamba kuna njia nyingine, ya heshima zaidi, ambayo haitamvua nguo. Akala ndizi zake, akasifu mchuzi, akaaga.

Njia hiyo ilikuwa ukurasa. Aliuandika kesho yake kwa siku nzima, na hakuwahi kuandika kitu kwa uangalifu kama ule. *Mgeni wa kifuani: namna ya kumtambua mapema na mahali pa kumtoa.* Alieleza kila dalili kwa lugha waliyoibuni wenyewe. Aliwaomba wasifukize majani. Aliwaambia mgeni akiwahiwa huondoka na haachi hata kiti alichokalia. Aliandika akimwona mdogo wake akinong'ona peke yake nyuma ya nyumba, Mtafuti akamsomea maneno ya dada yake bila kujua ni ya nani, akanyanyuka akaja.

Kabla wiki haijaisha, walianza kuja. Walikuja kwa miguu, wawili wawili, wakaketi kwenye mabenchi uani bila kuangaliana. Daktari Ambonisye aliwapima, akatoka akiwa na uso ambao Tumpe hakuwa ameuona tangu Pazia lishuke. "Wamewahi," alisema. "Karibu wote wamewahi."

Lusajo hakuwa miongoni mwao. Tumpe alijipa moyo kwamba atakuja wiki inayofuata.

* * *

Ukurasa uliosomewa wachimbaji ulisomewa pia yeyote mwingine aliyeuliza. Kule mgodini palikuwa na ofisa aliyeshughulikia ruhusa za wafanyakazi, na kwa miezi mingi alikuwa akishangaa ni kwa nini watu wa Lwanzi hutembelewa mno. Karibu kila aliyeomba siku ya kupumzika alisema amepata mgeni nyumbani. Ilikuwa njia yao ya kupumzisha kifua bila kukitaja. Ofisa yule hakuhitaji kununua mwangwi wa mtu yeyote. Alimwuliza Mtafuti tu, na Mtafuti akamsomea ukurasa wa Tumpe.

Wenye mgodi walirudi kwenye maombi yote ya ruhusa, wakachambua ya wenye wageni. Waliwasimamisha kazi kwa siku moja, mamia ya watu, kwa barua iliyosema kwamba mgodi unapunguza wafanyakazi. Pamoja na kazi ilikwenda bima, na pamoja na bima zikaenda nyumba za safu za juu.

Lusajo alikuja kwa Tumpe mchana, hata viatu hakuvua mlangoni kama ilivyokuwa desturi yake. Aliketi kwenye ukingo wa kochi. Alipopumua, Tumpe alisikia filimbi.

"Dada, ulijuaje kwamba tunamwita mgeni?"

Angeweza kusema wagonjwa walimwambia. Uongo ulikuwa karibu na ulikuwa mwepesi. Lakini alikuwa ameshachoka kumzunguka mdogo wake.

"Tulinunua maneno yenu," alisema. "Kuna kampuni inayoyachukua kooni. Niliyasoma."

"Yangu pia?"

"Na yako."

Lusajo aliinamisha kichwa. Alikivua kipuli chake sikioni akakishika kiganjani, akakitazama. Madini yake yalitoka Lwanzi, labda kwa mikono yake mwenyewe, lakini hakusema hilo.

"Lini?"

"Kabla sijaja na zile ndizi."

Nje jirani alikuwa akiita kuku wake.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unajua," Lusajo alisema. Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Nilishindwa wiki nzima. Ukaja, ukaketi mbele yangu, ukala, ukasifu mchuzi. Ulinisikia, dada, na hukunijibu. Ukawajibu watu wote."

"Niliona haya, Lusajo. Nilidhani ukiusikia ukurasa utakuja mwenyewe."

"Niliusikia. Nikajua ni wewe, maana hakuna mtu mwingine anayesema mgeni haachi hata kiti alichokalia. Ni maneno ya mama hayo. Nikasema, kama dada anajua, atakuja kunichukua. Nikakusubiri."

Tumpe alitaka kumshika mkono, lakini mkono ule ulikuwa umefumba.

"Twende sasa," alisema. "Twende kwa Daktari, tafadhali."

"Twende," Lusajo alisema. "Sina kazi ya kuikimbilia."

* * *

Daktari Ambonisye alimwosha pafu moja na kumjaribishia dawa. Vumbi lilikuwa limeganda chini, likiendelea kupanda. Tumpe alimwuliza kwenye korido swali alilojua haliulizwi.

"Ningemleta ile Jumapili, angepona?"

"Labda," alisema Daktari. "Sijui, mwanangu. Nikikwambia ndiyo au hapana, nitakuwa nakudanganya."

Aliuondoa ukurasa wa mgeni mtandaoni na kuvunja mkataba na Mwangwi. Haikusaidia kitu. Lwanzi walikuwa wameshaelewa kwamba hata lugha yao imesikilizwa. Wengi walivua vipuli. Siku za mwisho kabla mkataba haujakatwa, jedwali kutoka eneo lile lilikuwa tupu kabisa. Hapakuwa tena na la kufunika wala la kufunua. Watu walikuwa wameacha kuuliza.

Na mabenchi ya uani yakabaki bila watu.

Lusajo alilazwa chumba cha pembeni, chenye dirisha linalotazama mlima Loleza. Tumpe alikaa naye kila siku. Hawakuzungumzia yaliyopita. Walizungumzia Rungwe, mvua ya huko isiyokoma, na mbuzi wa babu aliyekula daftari la mwalimu. Siku moja, akiwa ameegemea mito, Lusajo alimwambia bila kumtazama:

"Wameshapata neno jingine. Sekela ameniambia."

Tumpe aliacha kumenya chungwa. Neno moja tu, na angewafikia tena wote. Safari hii angeandika kwa tahadhari, asingeeleza waziwazi, angelificha ndani ya kurasa nyingine. Alikuwa ameshaanza kupanga sentensi kichwani alipotambua kwamba mdogo wake anamtazama.

"Unalitaka," Lusajo alisema.

"Nalitaka."

"Ungelipata ungelifanyia nini?"

Tumpe hakuwa na jibu ambalo halikuwa ukurasa. Alimega chungwa akampa kipande. Lusajo alikila taratibu, na alipomaliza akasema, "Ndaga, dada," ile asante ya kwao, kama zamani. Ndivyo alivyomsamehe, kama kweli alikuwa amemsamehe. Hakumwambia lile neno, na Tumpe hakumwomba.

Alifariki mwanzoni mwa masika, asubuhi, mkewe akiwa upande mmoja na dada yake upande wa pili. Walimzika Rungwe jirani na mama yake. Watu wa Lwanzi walikuja wengi, wale waliosimamishwa kazi pamoja naye, na msibani hakuna aliyemnyooshea Tumpe kidole. Walimpa pole kwa adabu, kisha wakaenda kukaa mbali naye. Alipopita karibu na kundi la wanawake waliokuwa wakipika, mazungumzo yalikatika, yakaanza tena alipokwisha kupita.

* * *

Baada ya matanga alirudi kazini kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Aliandika kurasa kwa maneno ya kawaida, kifua, kikohozi, vumbi, akijua hayasomwi na wale aliowakusudia. Ilikuwa kama kuita mtu kwa jina alilokwisha kuliacha.

Siku moja ya soko, gari la kubebea viazi lilisimama getini. Sekela alishuka upande wa dereva, amevaa kaniki nyeusi ya ujane na mabuti ya mvua. Nyuma, katikati ya magunia, walikuwa wameketi wanaume wawili na mwanamke mmoja mzee, wamejitanda mablanketi. Wote watatu walishuka wenyewe.

Tumpe alimwendea. Walikuwa hawajaonana tangu mazishi.

"Wifi," Sekela alisema. "Hawa ni wangu. Daktari awaone."

"Umewapataje?"

"Wameniambia."

"Wamekwambia wewe?"

"Nilikaa na mgonjwa nyumbani kwangu, nikanyamaza mpaka siku yake ilipofika. Wanajua naweza kunyamaza." Hakuyasema kwa majivuno. Alikuwa amechoka, na uso wake ulikuwa umezeeka kupita miezi iliyopita. "Wanakuja kwangu jikoni, tunaongea. Anayehitaji, namleta. Nitakuwa naleta kila gari la viazi likija mjini."

Tumpe aliwatazama wale watatu waliosimama kwenye manyunyu, wakisubiri kuambiwa waingilie wapi. Gari moja la viazi, watu watatu. Zamani ukurasa wake mmoja uliwafikia mamia.

"Wako wengine wengi?"

"Wapo."

"Wanaitaje sasa, wifi? Ugonjwa. Wanauitaje?"

Sekela alimtazama kwa muda. Hakuwa na chuki machoni, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulistahimili.

"Hilo wamenipa mimi," alisema.

Mwanamke mzee alianza kukohoa, akiuziba mdomo kwa blanketi ili asisikike. Tumpe alimsogelea, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa pumzi fupi. Akamshika mkono na kuanza kumwongoza ndani, taratibu, kwa mwendo wa yule mama. Hakumwuliza kitu.